Sikumfinyanga mama yake

Likizo ya Juni 1998 niliimalizia kwa Bibi, Upareni. Nilikuwa kidato cha tatu. Jumamosi moja wakaja wageni wawili wenye Biblia, watu wapole, wakamwamkia Bibi vizuri. Niliwatolea viti. Yeye aliendelea kusugua chungu kibichi kwa kokoto, maana udongo ukishaanza kukauka hausubiri mgeni.

Wakanifungulia Wakolosai 1:15: "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote." Basi, wakasema, Yesu naye ni kiumbe; mkuu kuliko wote, lakini kiumbe. Nikatafuta aya za kuwajibu. Kila niliyoisoma waliikubali, kisha wakaipa maana yao. Mwisho nikanyamaza, hofu imenijaa. Nimeomba kwa jina hilo tangu utoto. Je, nilikuwa namwomba kiumbe?

Bibi hakujua kusoma. Aliweka kokoto chini, akasema taratibu kama anavyosema kanisani: "Mungu kweli kwa Mungu kweli. Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba."

Ni maneno ya Nasadiki, ungamo la imani tunalolisema kwenye Misa; nilikuwa nikiyatamka kila Jumapili tangu Komunyo ya Kwanza, na katika ubishi wote ule hata moja halikunijia.

Mgeni mmoja akamjibu kwa heshima kwamba hayo hayamo katika Biblia.

"Mwanangu," Bibi akasema, "vyungu nimefinyanga vingi. Mama yake huyu sikumfinyanga. Nilimzaa."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Arius, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana hakuwako tangu milele, na za maaskofu waliokutana Nisea, katika Uturuki ya leo, mwaka 325. Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, anasimulia kwamba maaskofu walitaka kwanza kutumia maneno ya Maandiko peke yake, lakini kila neno upande wa Arius ulilikubali na kuligeuza. Ndipo wakashika "umungu mmoja", neno lisilogeuzika. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikaiona tena baraza ya Bibi.

Kesho yake, baada ya wageni wale, tulikwenda Misa. Wakati wa Nasadiki nilisimama karibu naye na kuyasikiliza maneno moja moja. Tulipofika "akapata mwili", mahali tunapoinama wote, mgongo ulikuwa unamsumbua. Akanishika bega, akainama.