Pweza wa Osaka

Usiku wa tatu Osaka. Baba Nasra keshalala, mimi miguu inaniwaka na usingizi haujaja.

Usiku wa kwanza tulikwenda Dotonbori, ule mtaa wa mfereji na mataa. Tulisimama mbele ya mama mmoja anayechoma takoyaki, na mimi sikuondoka tena. Chuma chake ni chuma cha vitumbua, kasoro vishimo ni vidogo na vingi zaidi. Anamimina uji wa unga wa ngano, kila kishimo anatia kipande cha pweza, vitunguu vya majani na tangawizi nyekundu, kisha kwa kijiti chenye ncha anaviviringisha kimoja kimoja hata vinakuwa duara. Mkono wake haukutulia hata mara moja. Nikamwona bibi yangu na vitumbua vya alfajiri.

Nikampigia mama, kwao Jambiani, Unguja, saa tisa mchana. Shikamoo, marahaba, wajukuu wazima. Nilipomwambia watu huku wanatia pweza kwenye vitumbua, hakustaajabu. Aliuliza jambo moja tu: "Wanampiga?"

Sikuwa na jibu. Mamaangu ametulea kwa pweza. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, alishuka mwambani na mchokoo wake, akirudi tunasikia pweza anapigwa juu ya jiwe, pa, pa, pa, mpaka alainike. Siku hizi magoti hayamruhusu, ila swali lake lilikuwa la mtu wa kazi.

Leo asubuhi ilikuwa ngome. Mnara wake wenye mapaa ya kijani ulijengwa upya 1931 kwa michango ya watu wa mji. Ni wa zege, na ndani una lifti. Tulipanda, tukashuka. Kilichonishika ni kule chini, ukishapita lango la Sakura: jiwe moja zima, pana kama ukuta wa nyumba, linakisiwa tani 108, lililoletwa kwa bahari kutoka pande za Okayama. Wanaliita Tako-ishi, Jiwe la Pweza, kwa doa jekundu lililo pembeni chini, mfano wa kichwa cha pweza. Baba Nasra alikuwa keshatangulia. Nikamwita, akarudi, akalitazama kimya. Halafu akasema, "Mama hajajibiwa swali lake."

Tulikuwa tumepanga kwenda kutazama samaki wakubwa wa makumbusho ya bahari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiisubiri safari hiyo tangu nyumbani. Akaiacha, tukaenda soko la Kuromon.

Muuza samaki hakujua Kiingereza, nasi Kijapani hatukijui. Baba Nasra akamwonyesha pweza, akainua mkono akapiga hewa: pa, pa, pa. Mzee akacheka, akatikisa kichwa. Akachota chumvi, akaweka ganjani, akamkanda pweza pale pale kama mtu anayefua nguo, mkunjo kwa mkunjo, hata povu la kijivu likatoka katikati ya vidole. Akaosha, akanipa mkia wa mkono mmoja niubonyeze.

Jioni nikapiga simu.

"Hawampigi, mama. Wanamkanda kwa chumvi."

Akanyamaza kidogo.

"Chumvi ya mawe au ya unga?"

Kesho tunarudi sokoni kabla ya treni.