Kocha Anapotolewa

Leo jioni, kwenye mechi ya mpira wa kikapu ya shule hapa Kisumu, kocha mmoja alitolewa robo ya tatu. Nilikuwa mezani nikiandika karatasi ya alama, na tangu nifike nyumbani nawawaza wale waamuzi wawili.

Sheria yenyewe haina mjadala. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, kocha akipata faulo mbili za kiufundi kwa utovu wa nidhamu wake mwenyewe, anatoka. Naandika C, alama ya faulo ya kocha, kisha C ya pili, kisha GD, alama ya kutolewa. Wapinzani wanapewa mtupo huru mmoja na mchezo unaendelea pale uliposimama. Ugumu uko katika ile dakika inayofuata, kocha akiwa anatetemeka kwa hasira na wanafunzi wake wote wanamtazama.

Refa aliyepiga filimbi alitupa taarifa mezani, akageuka, akaenda kusimama upande wa mbali kabisa wa uwanja. Wapo waliomzomea wakidhani anakimbia. Mimi naona alifanya jambo la busara kuliko yote ya siku hiyo, kwa sababu hasira ya kocha ilikuwa imemlenga yeye tu. Mwenzake ndiye aliyekwenda kwa kocha, kwa mwendo wa kawaida, mikono chini. Hakumkabili uso kwa uso. Alisimama ubavuni mwake, wote wawili wakitazama uwanja. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, kwa leo tumemaliza. Mwachie msaidizi wako timu.” Kisha akanyamaza. Kocha alizungumza, akalalamika, akahesabu faulo ambazo hazikupigwa, na refa akamsikiliza bila kumjibu hata moja. Mtu mzima aliyeaibika mbele ya watoto anahitaji nafasi ya kuondoka kwa miguu yake. Ukimwonyesha lango kwa kidole, umemlazimisha abaki apigane.

Watu wanapenda kusimulia habari ya Bobby Knight, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, aliyerusha kiti uwanjani katika mechi na Chuo Kikuu cha Purdue, Februari 1985. Kiti kinakumbukwa mpaka leo. Waamuzi waliolazimika kuituliza mechi ile ikachezwa hadi mwisho, sijasikia mtu akiwataja.

Kuna jambo moja linalonikera sana. Kanuni inasema aliyetolewa aende chumba cha kubadilishia nguo akae humo, au aondoke kwenye jengo. Jengo gani? Viwanja vyetu vingi ni sakafu ya saruji na uzio wa waya. Kocha alitoka, akasimama nje ya uzio chini ya mwembe, akaendelea kuwapigia vijana kelele wakabe. Mwamuzi mkuu aliushika mpira, akakataa kuanza. Alimwita mwalimu wa michezo wa shule mwenyeji, naye akamchukua kocha taratibu hadi chumba cha walimu. Ndipo mtupo ukapigwa.

Baada ya mechi mwamuzi mkuu aliandika ripoti nyuma ya karatasi yangu: maneno yaliyotamkwa, dakika, nani alikuwepo. Hakuweka sifa wala lawama.

Kesho nitamwomba mratibu kwamba kabla ya kila mechi mwenyeji ataje chumba na mtu wa kumsindikiza atakayetolewa, na makocha wote wawili waambiwe mapema, wakiwa bado wanasalimiana.