Tofauti ya mraba mmoja

Jumapili, usiku

Karatasi iliyo mezani ina hatua 49 na imeishia kwa sare. Ni mchezo wa sataranji wa klabu, wachezaji wa kawaida, dakika 90 kila mmoja bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Nyeupe alibaki na askari mmoja zaidi, wafalme wakawa wanazungukana, ushindi haukuja. Ukiwauliza ushindi ulipotelea wapi, wote wawili watakuonyesha hatua za mwishoni, maana ndipo palipouma. Kosa lililoadhibiwa hujitangaza lenyewe. Ila nafasi ambayo wote wawili hawakuiona haiachi hata kovu. Mchezo unaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiacha kula, mwenzako atakukumbusha, tena kwa kelele. Sataranji haina huruma hiyo.

Panga ubao (herufi ni safu, namba ni mstari; mraba ukitajwa bila kete, anayesogea ni askari). Nyeupe e4, Nyeusi e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, askofu g4. Farasi c3, farasi c6. Hatua ya 5 Nyeupe akasukuma h3, na askofu mweusi akarudi h5 badala ya kumla farasi. Nyeupe akacheza d3, hatua ya adabu, na maisha yakaendelea.

Hapo hapo palikuwa na askari wa bure. Farasi wa f3 anaonekana amebanwa: akiondoka, askofu wa h5 anamla malkia d1. Mwache amle! Farasi anakula e5. Askofu akimchukua malkia, askofu mweupe anakula f7 na kutoa cheki, mfalme hana pa kwenda isipokuwa e7, kisha farasi wa c3 anaruka d5 na ni chekimeti. Hesabu mwenyewe milango ya mfalme: d7 inalindwa na farasi wa e5, e8 na e6 zinalindwa na askofu, f6 inalindwa na farasi wa d5, na askofu wa f7 haliki kwa sababu farasi wa e5 yuko nyuma yake. Miraba ya d8, f8 na d6 imezibwa na kete zake mwenyewe.

Nyeusi akiwa macho hatamgusa malkia. Akimla farasi kwa askari wa d6, malkia mweupe anamla askofu h5 na Nyeupe ana askari mmoja zaidi. Akimla kwa farasi wa c6, malkia bado anakula h5, farasi mweusi anakula askofu c4, halafu malkia anatoa cheki b5 na kumwokota farasi huyo. Ukijumlisha, ni askari mmoja zaidi tena. Kwa hiyo faida ya uhakika ni askari mmoja tu. Chekimeti ni bahshishi kwa mpinzani mwenye tamaa.

Pigo hili hubeba jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyemfundisha Philidor, bingwa wa sataranji wa enzi hizo. Wengi wanalijua kwa sura, na hapo ndipo shida inapoanza, maana wanalipiga mapema. Rudi hatua moja, kabla ya h3, askofu mweusi akiwa bado g4. Farasi mweupe akila e5 sasa, farasi wa c6 anamla na kutua e5, na kutoka e5 anailinda g4. Malkia akimla askofu g4, naye analiwa. Nyeupe amepoteza farasi kwa askari mmoja. Farasi wa e5 anafika g4 lakini hafiki h5: tofauti nzima ni mraba mmoja. (Hata mchezo wa Légal mwenyewe, kwa namna unavyonukuliwa sana, una dosari hii. Mpinzani alimkimbilia malkia, basi.)

Ndiyo maana swali la kujiuliza mpinzani anaposogeza kete halitoshi kuwa "anatishia nini?" Liwe pia: kete hii imetoka kwenye ulinzi wa nani? Askofu aliporudi h5 alitoka nje ya mkono wa farasi wake. Nyeupe alikuwa anatazama farasi aliyebanwa, hakutazama askofu aliyekuwa hana mlinzi.

Ukiwasha Stockfish, injini (programu) ya kuchambua sataranji, kabla ya kufikiri, haya yote yanageuka alama mbili za mshangao na namba ya nani yuko mbele na kwa kiasi gani. Namba yenyewe inasomwa vibaya. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1 ya Stockfish si "askari mmoja zaidi". Imepimwa ili iwakilishe uwezekano wa kushinda wa takriban asilimia 50, injini ikicheza na injini yenzake. Kwa wachezaji wa klabu, +1 ni hali inayoweza kugeuka kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo injini ikae kando kwanza. Pitia mchezo kwa kalamu, na kwenye kila hatua iliyokula muda andika hatua zilizofikiriwa na kilichoogopwa. Hilo linawezekana tu kama saa iliandikwa pembeni ya kila hatua wakati wa mchezo. Ikibaki chini ya dakika 5 bila nyongeza ya sekunde 30, kanuni hazikulazimishi tena kuandika, na hapo ndipo miisho mingi inapotelea. Iandike upya usiku huo huo. Baada ya hapo washa injini, utafute kwenye mchoro wa namba zake meno ya msumeno: mahali ambapo mstari unapanda na kushuka papo hapo. Kila jino ni makosa mawili yaliyofuatana, zawadi na zawadi iliyorudishwa. Mteremko mmoja mrefu hufundisha kidogo kuliko jino moja.

Jino la kwanza la karatasi hii ni askofu h5 kisha d3; la pili liko hatua ya 42. Nyeusi alikubali kubadilishana ngome. Akabaki na mfalme peke yake d7, Nyeupe mfalme d2 na askari e2, zamu ya Nyeupe. Huu ni ushindi kamili kwa Nyeupe, na hakuna haja ya kuhesabu mbali: mfalme atangulie, askari angoje. Mfalme d3, mfalme mweusi d6, mfalme e4, mfalme mweusi e6. Wafalme wametazamana, na anayetakiwa kusogea ndiye atakayeachia njia. Zamu ni ya Nyeupe, lakini ana akiba: askari e3. Sasa Nyeusi ndiye mwenye zamu. Akienda d6, Nyeupe anaingia f5. Akienda f6, Nyeupe anaingia d5. Mfalme akishakaa mstari wa tano mbele ya askari wa e3, kazi imekwisha.

Nyeupe alicheza e3 kwanza. Nyeusi mfalme e7, mfalme mweupe d3, mfalme mweusi d7, mfalme e4, mfalme e6. Ni picha ile ile, askari yule yule e3, ila zamu ni ya Nyeupe na akiba imekwisha kutumika. Akienda d4 anakutana na d6, akienda f4 anakutana na f6. Wakazunguka hivyo mpaka picha ile ile ikatokea mara ya tatu, ikawa sare.

Pembeni ya e3 pameandikwa dakika 11 zilizobaki. Pembeni ya hatua iliyotangulia, dakika 11 pia.