Labor Day ndani ya Boise

Jamani, sikukuu hii ya wafanyakazi ya Marekani tuko Boise, jimbo la Idaho, na kumetulia! Tumeegesha RV, gari letu la kulala, tukaunga umeme na maji, gari halijaguswa tena. Kutwa ni baiskeli kwenye Greenbelt, njia ya kilomita 40 hivi kando ya Mto Boise, huku watu wakielea kwenye tyubu kutoka bustani ya Barber Park hadi ile ya Ann Morrison. Mimi nilichovya kidole cha mguu tu. Barafu!

Mchana tukala soseji za chorizo pale mtaa wa Wabasque (watu wenye asili ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa), Grove Street. Ukiing'ata, mafuta mekundu yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tukiwa tunapangusa mikono, mama mmoja wa Kikongo akatusikia tukiongea Kiswahili: "Mnatoka wapi, wapendwa?" Soga hadi jioni.

Mume wangu anataka kesho twende Twin Falls kuona maporomoko ya Shoshone. Septemba maji yenyewe yamepungua, mimi sing'oki.