Nilivyokabiliana na chumba kibovu cha mkutano Kigoma

Waandaaji wa mkutano walitupangia hoteli ya mlimani, Kigoma mjini. Ziwa Tanganyika linaonekana vizuri, ila chumbani hakuna kinachofanya kazi. Wajumbe walikuwa wamejaza mji, kuhama hoteli haikuwezekana.

Nilianza na maji, kwa sababu hayo usiku hayatengenezeki. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, bomba la mvua linachuruzika, maji ya baridi. Mapokezi wakasema hita imekufa. Haikuwa imekufa. Hita hizi ndogo zinazofungwa kwenye bomba la mvua, zinazopasha maji yakiwa yanapita, zina kiwambo ndani ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo umeme uungane. Simtanki likiwa juu ya paa, ghorofa ya mwisho inapata kimo cha mita mbili tatu tu, na kila mita huleta msukumo wa kama bar 0.1. Hautoshi. Niliomba chumba cha chini, kisichoona ziwa, na hita ya aina ileile ikawaka. Maji yakiwa bado hafifu, zima umeme wa hita, fungua sahani yenye vitundu, iloweke kwenye siki nusu saa, kisha zibua kwa sindano. Ila ukigusa koki ukahisi umeme unakutekenya, zima swichi na uombe ndoo. Hapo ethi, waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, haipo au imekatika, na mtu asikwambie ni kawaida.

Kiyoyozi cha chumba kipya kilinguruma bila kupoza. Inua kifuniko cha mbele, chomoa vichujio viwili, vioshe kwa maji tupu, vikaushe kivulini. Vikiziba vumbi hewa haipiti, na barafu huganda ndani. Rimoti iwe kwenye alama ya theluji, nyuzi 24. Dakika 20 zikipita na hewa bado ni vuguvugu, huenda gesi imepungua, mwite fundi.

Habari za umeme usiulize mapokezi, muulize anayewasha jenereta.

“Shikamoo mzee. Umeme ukikatika, jenereta inabeba nini?”

“Marahaba. Taa na soketi tu. Saa sita usiku nazima.”

Mapokezi walikuwa wameniambia inabeba kila kitu, usiku kucha. Basi kompyuta na simu nilizijaza chaji mapema jioni, na wasilisho la kesho yake nikalimaliza kabla ya saa hiyo.

Chandarua kilikuwa na matundu. Kigoma malaria ipo, usilale hivyo hivyo. Omba kingine, au shona kwa uzi, kisha pindo lote lichomekwe chini ya godoro.

Chai ya asubuhi ilikuwa soseji baridi na mkate, katika mji wa samaki wa migebuka! Nilikwenda kula mtaa wa Mwanga.

Kuhusu malalamiko, hoteli humsikiliza anayelipa. Kwa hiyo picha na namba ya chumba nilimtumia mratibu wa mkutano kabla ya kikao cha asubuhi, nikitaja ninachotaka: chandarua kizima. Ukiandika “huduma mbovu” tu utaombwa radhi, basi.

Usiku wa ziada nilioulipia mwenyewe nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya ofisi na tarehe sahihi, kabla ya kukabidhi ufunguo. Ile ya kuandikwa kwa mkono mhasibu haipokei kwenye marejesho ya masurufu, yaani fedha za safari.