Nilivyomfundisha binti yangu baiskeli Utrecht kwa kanga ya mama yake

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Baiskeli niliijua kabla sijafikia urefu wa tandiko: unapitisha mguu chini ya bomba la Phoenix ya mzee, kiuno upande, unakanyaga nusunusu mpaka mashineni na debe la mahindi kwenye keria. Kwa hiyo tulipohamia Utrecht, Uholanzi, niliwaambia wenzangu kazini kwamba kwenye baiskeli wasinifundishe kitu. Siku ya pili nikaanguka mbele ya kituo cha treni. Ile baiskeli ya mtumba niliyonunua haikuwa na breki za mkono, unasimama kwa kurudisha pedeli nyuma. Nami kwa mazoea nikaviringisha pedeli kinyume nijiweke sawa, ikagoma papo hapo. Mama mmoja akanipita na watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mkate mkononi, wala kengele hakupiga.

Hiyo ilikuwa aibu yangu mwenyewe. Kazi hasa ilikuwa binti, miaka minne. Wenzake shuleni walikuja kwenye baiskeli zao, mzazi akiendesha pembeni, kiganja mgongoni mwa mtoto. Wetu alikuja kwenye keria yangu ameng'ang'ania koti, na akaanza kuona haya.

Mtanzania mwenzangu, mwenyeji wa miaka mingi, akanambia, "Kaka, mfungie matairi ya pembeni, wiki mbili tu." Nilimheshimu, nikapoteza miezi miwili. Matairi yale yanamfundisha mtoto kuegemea, basi. Kwenye kona alilalia nje kama abiria wa daladala. Na njia ikiinama kidogo, tairi la nyuma linaning'inia: pedeli zinazunguka, mtoto haendi, analia.

Nikaamua kung'oa vyote, matairi ya pembeni na pedeli, ili kwanza asukume kwa miguu na ajue kujisawazisha. Wazo zuri kabisa. Pedeli ya kulia ikatoka kama nati ya maji. Ya kushoto nikaivuta, haikusogea. Nikatia mafuta. Nikamwagia maji ya moto. Nikachomeka bomba la kifyonza vumbi kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, bomba likapinda, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Saa nzima jasho linanitoka kwenye baridi ya Machi. Mwishowe bibi jirani, mtu wa miaka sabini na kitu, akatoka na slipa zake, akaichukua spana, akazungusha kule nilikokuwa nakazia. Ikafunguka. Pedeli ya kushoto nyuzi zake za skrubu hukatwa kinyume, inalegea ukifuata mishale ya saa. Mtoto wa Shinyanga!

Bibi huyo huyo nilimwambia siku nyingine kwamba wao wana bahati, barabara zao zimezaliwa na njia za baiskeli. Akakasirika kidogo. Akasema mwaka 1971 magari yaliua watoto zaidi ya 400 nchini kwao, na wazazi wakaingia barabarani kudai zibadilishwe. Hakuna aliyewapa bure.

Baada ya wiki tatu za kusukuma kwa miguu, binti aliinua miguu yote miwili kwenye mteremko akateleza kama bata. Nikarudisha pedeli. Sasa hapa ndipo kanga: usishike tandiko, mgongo wako utakufa na mtoto hatajifunza kitu. Mpitishie kanga kifuani chini ya kwapa, shika ncha mbili nyuma, kimbia. Akiyumba unamdaka, asipoyumba kanga inalegea yenyewe na hajui. Ile ya mama yake iliandikwa "Wasemao na waseme", nami nikakimbia nayo bustani nzima mbele ya Waholanzi waliokuwa wanakula aiskrimu. Siku ya tatu niliachia ncha moja. Alizunguka bwawa lote, kanga ikipepea nyuma yake. Hapana, usifanye hivyo, ingeweza kuingia kwenye spoki, vuta yote.

Barabarani nilimfundisha jambo moja kwanza: pembetatu nyeupe zilizochorwa chini, wenyewe wanaziita meno ya papa. Ncha zikikutazama wewe, unapisha. Zikitazama gari, gari linapisha, lakini mwangalie dereva usoni hata hivyo. Mkono wa kuonyesha kona ulikuja baadaye sana, maana akiuinua alikuwa anaelekea mtaroni.

Leo tunakwenda shule kila mtu na yake, kiganja changu mgongoni mwake upepo ukiwa mkali. Ile ndogo nimeiuza euro 25 au 30 kwa baba mmoja Mmoroko. Nilimwonyesha pedeli ya kushoto kabla hajafungua pochi.