Siyo Tipitipi, ni Dudumizi

Kufikia Machi 2021 chaneli yangu ya ndege ilikuwa na wafuasi 41, na wote nilikuwa nawajua kwa majina, maana niliwabembeleza mmoja mmoja. Walikuwamo mashemeji watatu, fundi wangu wa nguo, na binamu yangu wa Muscat aliyejisajili kwa simu zake zote mbili ili nisijisikie vibaya. Video zenyewe nilizihangaikia kwelikweli. Niliamka alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, nikarekodi ndege kwa simu, kisha nikawaeleza kwa Kiswahili. Kulasitara mmoja aliniweka saa tatu kwenye tope la mikoko hapa Tanga. Walimtazama watu tisa, mmoja wao mimi.

Basi nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wapenda ndege: waongoza wageni wa Amani, wanafunzi wa Morogoro, mabwana misitu wastaafu, Wazungu wawili watatu. Mimi nikaona nimepata wateja. Wiki ya kwanza nilimwaga linki nne. Ya nne haikumaliza hata dakika, admini akaandika: "Dada, hapa tunaulizana ndege. Biashara ipeleke guliwani." Aliandika hivyohivyo, "guliwani", na hata kosa hilo la herufi sikuwa na ubavu wa kulicheka. Wengine walikuwa wananicheka mimi.

Sikujitoa, kwa kuwa picha zao zilikuwa nzuri. Nikawa msomaji tu. Siku moja mwanafunzi akauliza vile vindege vinavyokimbiakimbia ufukweni maji yakitoka vinaitwaje kwa Kiswahili. Kimya. Jina la Kiingereza walilijua, la Kilatini walilijua, ila Kiswahili chao kiliishia kwenye chiriku: kila ndege mdogo ni chiriku. Nikajibu: vitwitwi. Kesho yake likaja swali jingine, nikajibu tena. Linki sikuitaja. Nilipokwama nilimpigia Bibi, Muheza. Bibi hajawahi kushika darubini, lakini amelima mpunga tangu usichana wake, na mkulima wa mpunga atamjuaje ndege vibaya wakati ndiye anayeshinda naye shambani akimfukuza?

Pasaka mwaka huo iliangukia tarehe 4 Aprili, nikaenda kuila kwake. Jumatatu asubuhi tumekaa barazani, yeye anamenya muhogo, mimi nimeshafua na kuanika, ikaingia kundini sauti ya sekunde 19 kutoka Kilosa. "Jamani, huyu nani? Ananiamsha kila siku." Nikaisikiliza: du-du-du-du, inashuka mbiombio halafu inapanda kidogo mwishoni, kama maji yanayomiminika kutoka chupa ya shingo nyembamba.

Nikabonyeza alama ya kurekodi, nikavaa sauti yangu ya kitaalamu. "Huyo ni tipitipi. Mgongo wa hudhurungi, jicho jekundu, unyusi mweupe. Ni wa ukoo wa kekeo, ila jamaa zake wengi hutaga kwenye viota vya wenzao, yeye hujijengea cha kwake na…"

"Tipitipi wa wapi?" Bibi akadakia, kisu mkononi. "Huyo dudumizi! Anaita mvua huyo. Mwambie aanue nguo!"

Nikashtuka, kidole kikaachia, voisi ikaenda. Nilipotaka kuifuta, watu sita walikuwa wameshaisikiliza.

Ugomvi uliozuka sijawahi kuuona kundini mle. Kuna walioapa ni tipitipi tangu dunia iumbwe, kuna waliosimama na Bibi, akaja mwingine na jina la tatu, gude. Nijuavyo mimi wote walikuwa sahihi, lakini nani alitaka kusikia hivyo? Bwana misitu mmoja mstaafu akatuliza mambo: "Sikilizeni vizuri, hapo wako wawili, wanaitikiana. Mwenye sauti nzito ndiye jike." Nikamsomea Bibi.

"Nani asiyejua hilo?" akasema, akaendelea kumenya.

Kumbe voisi ilishatoka nje ya kundi. Saa sita shemeji yangu wa Dodoma akanitumia, ameipata kwa wafanyakazi wenzake, ananiuliza kama hiyo si sauti ya Bibi yetu. Muda si mrefu yule yule admini aliyenifukuzia gulioni akaandika: "Wanaomuulizia Bibi wa dudumizi, yuko huku." Chini yake, linki yangu.

Bibi hakuwamo kwenye video hata moja. Watu wakaingia hivyohivyo. Ilipofika saa nane walikuwa 212, na karibu kila mmoja anataka kujua Bibi atatokea lini. Nitasema ukweli, iliniuma kidogo. Yule kulasitara wangu wa matopeni walimpita kama mlango wa jirani.

Kundini nako zikaanza shikamoo. Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, kutoka kwa watu ambao mimi mwenyewe hawakuwahi kunijibu. Nilipomwambia, Bibi aliweka kisu chini na kufuta mikono kwenye kanga yake. Shikamoo, akasema, haiachwi ikining'inia. Nilidhani marahaba moja ya jumla ingetosha. Akakataa, akataka amjibu kila mtu kwa jina lake na mahali alipo. Nikawa nashika simu karibu na mdomo wake, nabonyeza, naachia, nabonyeza. "Marahaba mwanangu wa Kilosa. Umeshaanua?" "Marahaba bwana misitu, mkeo hajambo?" Mmoja wa wale Wazungu alikuwa ameandika "shikamo" yenye o moja, naye akapata marahaba yake kamili, pamoja na pole ya safari, sijui ya safari gani.

Tulifika mtu wa 37, bando likakata.

Matone ya kwanza yakagonga bati wakati bado naitikisa simu. Bibi akageuka kutazama kambani, nguo zangu zote zimetandazwa, halafu akanitazama mimi, akachukua kisu chake na muhogo uliofuata.